Mguu wa Mama Kwenye Breki

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya mafuta Kingolwira, lori lililopakia saruji likaingia na kusimama nyuma yangu, na kabla sijageuka kulitazama nilikuwa nimeshajua lina nini. Harufu ya breki zilizoungua haifanani na kitu kingine. Ina ukali wa mpira, lakini ndani ya ule mpira kuna kitu kama nywele au kwato zilizoshika moto, na ikikuingia kooni inakaa. Mhudumu wa pampu aliziba pua kwa kola ya shati. Mimi nilijikuta nimeinamisha macho kutazama miguu yangu mwenyewe, kuona iko wapi.

Nilikulia milimani, juu ya Matombo, siku ambazo watu wa rika langu wanazikumbuka kwa madaftari yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma na taa za chemli zilizofutwa masizi kwa gazeti kila jioni. Kijiji chetu kilikuwa na zahanati, zahanati ilikuwa na gari moja, na gari lilikuwa na dereva mmoja, naye alikuwa mama yangu. Lilikuwa pikapu refu lenye turubai nyuma na godoro la mgonjwa.

Mama hakuwa mtu wa pale. Babu mzaa mama alitoka Songea kwenda kukata miwa, na mama alizaliwa na kukulia kwenye kambi za shamba la miwa, ambako alijifunza kuendesha trekta kabla hajafikisha miaka ishirini. Baba yangu, Mluguru wa palepale, mkulima wa ndizi na mdalasini, alimwoa na kumpandisha mlimani. Dereva wa kwanza wa zahanati alipohamia mjini, ikaonekana kwamba mtu pekee kijijini mwenye leseni ni mke wa kuja. Kamati ya zahanati ikampa kazi kwa muda. Huo muda ulikuwa umefika miaka minne.

Aliendesha peku. Ndala zake alizisukumia nyuma ya kiti, kisha anajifunga kanga vizuri kiunoni na kuwasha gari. Wakati wa likizo alinichukua tukienda mjini kufuata dawa na chanjo, nami nilikaa katikati, karibu na gia, kwa kuwa kiti cha mlangoni kilikuwa cha muuguzi au ndugu wa mgonjwa. Nilikuwa mfupi. Kwenye kioo cha mbele nilichoona ni mbingu na ncha za migomba basi. Kwa hiyo safari nzima nilitazama kilichokuwa mbele ya macho yangu, yaani mikono ya mama kwenye usukani na miguu yake chini.

Harufu ile ilianza nikiwa darasa la tatu. Tulikuwa tukishaziacha kona za juu, tukikaribia Mkuyuni, inaingia ndani ya gari taratibu. Mimi nilidhani ndiyo harufu ya mji. Mji ulikuwa na viwanda, na watu walisema viwanda vinatoa moshi, nami nikaona ni sawa kwamba Morogoro inaanza kunuka mapema hivyo. Siku moja nilimwambia mama, "Tumekaribia, nimeusikia mji." Mama hakucheka. Alipunguza mwendo, akasimama pembeni, akashuka na kugusa magurudumu moja baada ya jingine kwa ncha ya kidole alichokilowesha mate. Kwenye gurudumu la mbele kulia mate yalilia tsss na kukauka.

Tuliketi kama nusu saa. Gurudumu lilipopoa, gari likaondoka jepesi kama kawaida. Mjini fundi alilinyanyua kwa jeki, akalizungusha gurudumu kwa mkono, likazunguka bila kinyongo. Akasema halina tatizo.

Ikawa hivyo kwa miezi. Kwenye mteremko gari linaanza kuvuta kulia, linakuwa zito kama limefungiwa gogo, moshi mwembamba unatoka kwenye gurudumu, tunasubiri lipoe, linaachia. Fundi wa Matombo, ambaye kamati ilimwamini, alibadilisha breki shuu, zile zinazobana gurudumu lisimame. Akazibadilisha tena. Akapaka grisi, akapiga nyundo hapa na pale. Mama alimwambia shida haiko pale, naye akamuuliza kama anataka kumfundisha kazi.

Kisha Kasiani akaanguka kutoka kwenye mkarafuu. Kasiani alikuwa mdogo wake Mzee Adriani, mwenyekiti wa kamati. Alivunjika paja. Wakampakia nyuma juu ya godoro, na mama akaanza kumshusha kwenda hospitali ya mkoa. Ilikuwa asubuhi, likizo ya mwezi wa sita, nami nilikuwamo. Kabla ya Mkuyuni gurudumu likakamata kabisa, moshi ukawa mweupe. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima. Kila mara Kasiani alipopiga kelele, mke wake aligonga kioo cha nyuma, na mama alimjibu bila kugeuka, "Nikiondoka sasa hivi gurudumu litawaka. Nisubiri, dada yangu." Kasiani alifika hospitali, akatibiwa, akarudi baada ya miezi akiwa na mguu mmoja mfupi. Kama saa ile ilichangia au haikuchangia, hatukuambiwa.

Kamati ikakutana wiki ileile barazani pa zahanati. Wazee sita, fundi wa Matombo, na mama kwenye kiti cha peke yake. Mimi nilitumwa kupeleka maji ya kunywa.

Fundi alisema amebadilisha kila kinachobadilishwa, na breki inayoungua ina sababu moja tu, dereva anayependa kuikanyaga. "Wapo madereva wa hivyo," alisema. "Anaogopa mteremko, anaweka mguu hautoki."

"Mguu wangu mmoja unakanyaga magurudumu yote manne," mama akasema. "Kwa nini linaungua moja?"

"Hilo ndilo liko upande wa dereva. Linabeba uzito wako."

Wazee wawili wakacheka kidogo. Mama hakuwa mnene hata kidogo. Mzee Adriani hakucheka. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, mzee wa kanisa, asiyependa kuhukumu bila shahidi. Aliniona nimesimama na jagi.

"Leokadia, njoo. Wewe huwa unakaa mbele na mama yako?"

"Ndiyo, babu."

"Gari likishuka mlima, mguu wake unakuwa wapi?"

Nilijua jibu. Hakuna mtu mwingine pale aliyelijua, na nilifurahi kuulizwa. "Unakuwa kwenye breki," nikasema.

"Muda wote?"

"Muda wote wa kushuka."

Nilimtazama mama nikitegemea anikubalie kwa kichwa, kama alivyofanya nikisoma vizuri. Alikuwa anatazama funguo mkononi mwake. Hakubisha. Alizitoa zile funguo kwenye kipande cha kanga alichozifungia, akaziweka mezani, akasema, "Haya." Akavaa ndala zake akaondoka.

Nilirudi nyumbani nikijiona nimefanya jambo zuri. Padri alikuwa ametufundisha kusema kweli, nami nilikuwa nimeisema mbele ya wazee. Niliona ajabu kwamba baba hakunipongeza. Aliniambia tu nikachote maji.

Kazi ilipewa kijana anayeitwa Deo, aliyewahi kuendesha malori. Mama akarudi shambani. Hakunifokea, hakuninunia. Alinisuka nywele siku za Jumapili kama kawaida. Kilichobadilika ni kwamba sikusikia tena akisimulia habari za matrekta, na nikiingia jikoni ghafla nilimkuta ameketi bila kufanya kitu, ambalo kwake halikuwa jambo la kawaida.

Yalipita kama majuma matatu. Jioni moja alikuwa anachambua maharage, nikamuuliza, kwa nia njema kabisa, kwa nini alipenda kukanyaga breki hivyo, kwa kuwa kama asingekanyaga bado angekuwa na gari.

Mama akaweka ungo chini. Akavuta kigoda chenye upau wa chini, akanyoosha mguu.

"Tazama. Mguu ulikuwa juu ya pedeli, au chini yake?"

Akaingiza vidole vya mguu chini ya ule upau na kuuvuta juu. Kigoda kikainuka. Niliutambua mguu ule. Ndivyo ulivyokuwa umekaa, kisigino sakafuni, vidole vimepotelea gizani chini ya pedeli, na msuli wa juu ya unyayo umesimama. Nilikuwa nimeutazama safari zote zile.

"Nilikuwa nainyanyua," akasema. "Nilidhani labda hairudi juu yote. Nilikuwa naivuta ili gari liachie."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Wangeamini?" Akachukua ungo wake. "Wewe ulisema ulichokiona. Nenda kale."

Sikula. Maharage yalikuwa bado hayajapikwa, na hata alipoyapika sikula.

Kulipopambazuka, kabla ya shule, nilikwenda kwa Mzee Adriani. Alikuwa anatandaza karafuu kwenye mkeka uani. Nilimwamkia, nikamweleza yote, pamoja na kigoda na vidole. Alinisikiliza huku mkono wake ukiendelea kusawazisha karafuu.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, babu."

"Juzi ulisema mguu unakanyaga. Leo unasema unanyanyua. Kesho utasema nini?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Nenda shule, mwanangu. Kamwambie mama yako asimtumie mtoto kwenye mambo ya watu wazima."

Sikumwambia mama. Sikumwambia mtu yeyote. Niliona kwamba nimemharibia mara mbili, mara ya kwanza kwa uongo nilioudhani kweli, mara ya pili kwa kweli iliyoonekana uongo, na kwamba bora nifunge mdomo kabla sijaharibu mara ya tatu.

Aliyeligeuza jambo lile ni Deo. Alikuja shambani mchana, likizo ya Desemba ikiwa imeanza, sisi tukipalilia. Akasimama mwisho wa tuta, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mama Leo."

"Marahaba. Gari limekufa?"

"Halijafa. Linaungua." Alitazama kando. "Niliambiwa wewe ndiye uliyekuwa unaliunguza. Mimi nashuka kwa gia ndogo, breki naigusa pale penye kona tu. Linaungua vilevile."

"Gurudumu gani?"

"Mbele kulia."

"Kila mara lilelile?"

"Kila mara. Nikifika kwa fundi limeshapoa, linazunguka vizuri, ananitazama kama mwongo."

Mama akaegemea mpini wa jembe. Nilimwona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyekuwa akiutafuta mwanzo wa uzi na sasa ameushika. "Ndilo kosa letu hilo," akasema. "Tunalipoza halafu ndiyo tunatafuta ugonjwa. Nilipokuwa naendesha, mara nyingi nilikuwa na mgonjwa nyuma, nilichotaka ni liachie niondoke. Hatukuwahi kulishika likiwa limekamata. Kesho unakwenda mjini?"

"Nakwenda, tupu. Nafuata chanjo."

"Chukua jeki, spana, na chupa ya mafuta ya breki. Nitapanda."

Nilipanda na mimi, kwa sababu mama alisema nipande. Deo aliendesha, mama akakaa mlangoni, mimi katikati. Safari hii niliitazama miguu ya Deo bila kupepesa, na mguu wake haukuwa karibu na pedeli, na bado kabla ya Mkuyuni harufu ikaja, gari likaanza kuvuta kulia. Deo akataka kusimama kivulini. Mama akamwambia asimame palepale, jua lilipo.

Wakaweka mawe mbele ya magurudumu, wakainua upande wa kulia kwa jeki. Deo akalishika lile gurudumu kwa matambara mikononi, akalisukuma kwa nguvu zake zote. Halikutikisika. Wakalishusha, wakainua la kushoto, likazunguka kwa kidole kimoja. Mama akaingia ndani, akakanyaga breki na kuachia, akatutaka tutazame. Pedeli ilirudi juu yote, bila kusita.

"Kwa hiyo sikuwa na haja ya kuinyanyua," akasema, akijisemea mwenyewe. "Inarudi. Kisichorudi ni mafuta."

Alimweleza Deo kama alivyoelezwa yeye zamani na fundi wa matrekta. Ukikanyaga, mafuta yanasukumwa toka juu, yanapita kwenye bomba la chuma, kisha kwenye mpira mfupi unaoungana na gurudumu, yanakwenda kubana breki. Ukiachia, yanatakiwa yarudi njia ileile. Kama hayarudi, yamezuiwa mahali. Inabidi kupekua njia kipande kwa kipande, likiwa bado limekamata.

Wakainua tena upande wa kulia. Kwanza walilegeza kiungo cha juu, pale bomba la chuma linapokutana na ule mpira. Yakadondoka matone mawili matatu. Deo akasukuma gurudumu, likagoma. Wakakikaza. Mama akaniambia nisogee mbali, akazungusha tambara kwenye spana, akalegeza nati ndogo iliyoko kwenye gurudumu lenyewe, ile ya kutolea upepo. Mafuta yakaruka kama mkojo wa mtoto, ya moto, yakilia kwenye vumbi. Deo akagusa gurudumu. Likazunguka.

Gurudumu liliendelea kuzunguka taratibu, kisha likasimama lenyewe.

"Juu ya mpira hakuna kilichozuiwa," mama akasema. "Chini ya mpira mafuta yamejaa yanashindwa kurudi. Katikati kuna nini?"

"Mpira," Deo akasema.

"Na ingekuwa kutu ndani ya gurudumu, lisingeachia kwa kutoa mafuta."

Wakajaza mafuta, wakakaza kila kitu, na tukaenda mjini kwa gia ya pili, tukisimama mara mbili kulegeza ile nati. Mpira mpya ulipatikana. Ule wa zamani mama aliomba apewe. Kwa nje ulikuwa mzuri kabisa, mweusi, haukuwa na ufa hata mmoja. Aliuosha kwa sabuni na maji ya moto mara tatu, akauviringisha kwenye gazeti.

Kamati ilipokutana tena, Deo ndiye aliyeomba nafasi ya kusema, na mama ndiye aliyefungua gazeti. Alimpa Mzee Adriani ule mpira akamwomba aupulize. Mzee aliutazama, akaufuta kwa leso, akapuliza. Mashavu yakajaa, mishipa ya shingo ikasimama, upande wa pili hakikutoka kitu. Akampa mzee aliye jirani yake, naye akapuliza hadi machozi yakamtoka. Ulizunguka meza nzima, wazee wenye heshima zao wakipuliza mmoja baada ya mwingine. Ulipofika kwa fundi wa Matombo, aliupokea, akauangalia, akamrudishia mama bila kuupeleka mdomoni.

Mama akaupasua kwa wembe kutoka mwisho hadi mwisho. Ndani ulikuwa umevimba kama koo lenye mafindofindo. Njia iliyobaki isingepitisha hata sindano ya kushonea.

"Mguu wa mtu una nguvu ya kuyapitisha mafuta hapa," Deo akasema. "Springi za kuyarudisha hazina nguvu hiyo. Gurudumu likipoa, yanarudi yenyewe kidogo kidogo."

Mzee Adriani akatoa funguo mfukoni mwa koti na kuzisukuma mezani kuelekea kwa mama. Mama alisema atazichukua kwa sharti kwamba Deo abaki, wapokezane wiki kwa wiki, kwa kuwa naye ana familia. Wakakubali. Kuhusu yaliyopita, kamati haikusema neno lolote, na mama hakuwadai.

Asubuhi yake nilikuwa uani naosha vyombo. Mama alikuwa ndani anajitayarisha kwa safari. Nikamwona Mzee Adriani anapanda njia yetu, na njia yetu ilikuwa kali hata kwa vijana, fimbo mkononi, anasimama kila hatua kumi kuvuta pumzi. Nilimwamkia, nikainuka kumwita mama.

"Acha," akasema. "Sikumfuata yeye."

Akakaa juu ya kinu kilicholazwa ubavu. Alipumua mpaka pumzi zikamrudia.

"Siku ile ulipokuja kwangu asubuhi nikakurudisha. Nilisema umetumwa. Nilikosea, Leokadia. Ulikuwa unasema kweli."

Nilisema, "Ndiyo, babu." Akaomba maji, nikampa kwenye kikombe cha bati, akanywa yote, akainuka na kuanza kuteremka kwa uangalifu, akijishikiza kwenye mashina ya migomba.

Mama akatoka mlangoni. Alikuwa ameshajifunga kanga ya safari.

"Ulikwenda kwake lini?"

"Kesho yake. Baada ya ile siku uliyonionyesha kwa kigoda."

"Hukuniambia."

"Hakuniamini."

Alisimama akitazama chini njiani, ambako kofia ya mzee ilikuwa bado inaonekana kati ya majani. Honi ya gari ikasikika kutoka zahanati, Deo akimjulisha kuwa mgonjwa ameshapakiwa. Mama akachuchumaa upande wa pili wa beseni, akachukua sufuria kubwa iliyobaki, ile yenye ukoko, na kuanza kuisugua kwa majivu. Honi ikalia tena. Aliisugua mpaka ikatakata, akaisuuza, akaifudikiza juu ya kichanja, ndipo akaenda.